Ami Anajenga Juu ya Chumba cha Mayahudi

Maskati, mwishoni mwa 1970

Dada yangu Zuhura,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na watoto. Sisi huku wazima, ila jua linatukaanga kama bagia.

Ami Khalfani anajenga nyumba mjini. Juzi mafundi wakichimba msingi waligonga chumba cha zamani, na ukutani kukatokea jiwe lenye maandishi yasiyokuwa ya Kiarabu. Jirani yetu, Bi Thuwaiba, akateremka shimoni mwenyewe, akalipapasa. "Hapa walikaa Mayahudi," akasema. "Bibi yangu akinunua kwao bangili za fedha, na wakifiwa akenda kuwapa pole."

Msimamizi alitaka kumwaga zege, kazi isisimame. Ami akamwambia, "Sisi tumeacha nyumba Unguja. Mtu akiifukia kama haikuwa na wenyewe, mimi nitafurahi?" Machozi yalimlengalenga, nami nikageuza uso.

Basi nyumba inapandishwa juu ya nguzo, na chumba kinabaki chini na ngazi yake. Ami anataka kiwe makumbusho ya majirani wale, waje watu watazame jiwe, vigae na taa ndogo ya shaba tuliyoiokota. Bi Thuwaiba keshajipa kazi ya ulinzi. Jana aliketi mlangoni na halwa na kahawa akiwahadithia mafundi habari za sonara mmoja wa Kiyahudi, hata kazi ikalala. Ami alikuja mbio kugomba. Akatiliwa kikombe, akakaa, akauliza, "Enhe, na huyo sonara aliolea wapi?"

Nakubusuni nyote mashavuni. Mola atukutanishe tukiwa tunacheka.

Nduguyo akupendaye,
Salma