Makofi ya Kilo kwa Mgeni

Manisha, huko Bungoma mko na mtu hana haya kama Hesbon, huyu mzee wetu wa kanisa hapa Kitale??

Si wageni husimama wajitambulishe? Leo alisimama Nzigire, mama mkimbizi kutoka Congo. Akasema dalali wa kuwavusha aliwatenganisha mpakani, yeye lori la kwanza, bintiye la pili.

"Hilo la pili mpaka leo halijafika..."

Hesbon akamkatiza hapo hapo. "Amina! Mungu amemfikisha salama! Makofi ya kilo!"

SALAMA, bana. Ati salama!

Na kanisa zima likapiga, na vigelegele juu.

Nzigire akangoja makofi yaishe, picha ya msichana mkononi. Alitaka tu kuuliza kama kuna mtu amemwona.

Hesbon akamwambia, "Keti mama, tumekusikia."