Kwetu Bado Kuko Kwenye Ramani

Jumatatu, 20 Februari 2023

Profesa ametupa kazi, sisi wote tulio kwenye staji, mazoezi ya ualimu: kila mutu atafute vitu vya internet vinavyoweza kusaidia darasani, avijaribu na watoto, halafu aandike rapport. Dunia inaenda mbele, alisema. Sawa, mbele! Darasa langu la sita hapa Lac Vert liko na tablo yenye ufa na chaki tunazovunja nusu nusu. Prizi ya umeme hakuna. Internet ni simu yangu, na simu yangu kioo kimepasuka.

Nimejaribu. Video ya hesabu — duara likazunguka, likazunguka, mega za internet zikaisha kabla mutu wa video hajafungua mdomo. Mchezo wa maswali — unataka kila mutoto awe na simu yake. Nilicheka peke yangu. Watoto wenyewe hata kalamu za bic wanaazimana!

Halafu ile ramani ya picha zilizopigwa toka juu angani. Ikafunguka! Goma yote: uwanja wa ndege, ziwa, barabara ya Sake. Vidole vikaenda vyenyewe, kaskazini, Buhene, kwenye lupango yetu, pale tulipojenga.

Nyumba iko.

Nyumba yetu iko! Bati za Papa, na ile moja ya buluu upande wa jikoni. Muti wa avoka. Volkano iliimeza nyumba ile Mei 2021, tulikimbia na godoro moja, na mimi mwenyewe nilienda kusimama juu ya yale mawe meusi yangali na joto. Kumbe ramani haijaambiwa. Picha ni ya kabla. Nimeiangalia mpaka batri ikafa, halafu nimelia kama mutoto.

Jumatano, 22 Februari

Nimetoka kanisani na majivu usoni moja kwa moja mpaka masomo. Madame Christa, mwenye darasa, ndiye anayenipima kila siku. Nimemuonyesha fiche, mpango wangu wa somo: somo la mazingira kwa ramani ya simu. Akasoma, akanitazama juu ya miwani. Yeye amefundisha maisha yote kwa kidole na tablo, anasema. Simu ni ya kuongea na wachumba.

— Sina mchumba, Madame.

— Ndiyo maana unaangalia ramani.

Lakini amekubali. Ijumaa!

Nusu ya watoto wetu sasa wanatoka kwenye kambi ya wakimbizi, nyuma tu ya ukuta wa mawe. Walikuja waasi walipozidi kushuka. Kuna mmoja, Umuhire, wa Tongo kule Rutshuru, anayekaa karibu na dirisha. Hasemi. Haandiki vibaya, lakini hasemi. Madame Christa ameacha hata kumuuliza.

Ijumaa, 24 Februari

Nimefundisha! Nimefundisha kweli!

Nilifuata programu: kwanza darasa, halafu shule, halafu kartie, halafu mji. Watoto wanakuja kikundi kikundi mbele ya simu, wengine wanachora. Walipoona bati ya shule yetu — makelele! Mmoja akauliza kama na yeye anaonekana humo ndani.

Hapo Umuhire akasimama.

— Madame, inaweza kufika Tongo?

Ilifika. Polepole, mega zinaungua, lakini ilifika. Akaniongoza kwa kidole: kanisa, mashamba ya kahawa, mustari wa mikalitusi. Bati mbili. Ndani ya lupango madoa madoa, moja jeupe. “Gitare!” akapiga kelele. “Ng'ombe yetu! Madame, iko imesimama!” Halafu akaongea, akaongea. Nani analala chumba gani. Mbwa aliyekataa kukimbia nao. Mahali mama yake anaanika maharagi. Sauti yake ni nzito, sikuiwaza hivyo. Na wengine wote: na kwetu, Madame! Na kwetu!

Neno lilikuwa mdomoni: picha hii ni ya zamani. Nalijua mimi, Buhene imenionyesha. Lakini nyuso zile! Hata Madame Christa alikuwa anapangusa miwani. Nikalimeza. Nitawaambia Jumatatu.

Jumapili, 26 Februari

Baada ya misa, mwanaume murefu ananingoja nje ya kanisa, kofia mkononi. Sibomana, papa yake Umuhire. Muzee wa heshima kabisa. Alinisalimia mpaka nikaona haya.

— Madame, mutoto anasema unaonaka kwetu ndani ya simu.

Nikamuonyesha. Alipiga magoti palepale kwenye mawe, simu juu ya kofia kama kitu cha kuvunjika. Wamemwambia kwamba ng'ombe zote za kule zilikuliwa, wala usiulize tena. Na sasa anaziona. “Hawakuzikula,” alisema. Si kwangu, alijisemea mwenyewe.

Nikasema: Papa, hii picha ni ya zamani kidogo.

— Ya lini?

— Sijui vizuri.

Akacheka. Hata ikiwa ya mwezi uliopita, Madame, inanitosha! Akanishika mikono yote miwili.

Kidogo! Nani alinituma kusema kidogo? Ningemwambia: Papa, nyumba yetu iliungua na volkano na humu bado iko. Maneno machache tu. Lakini kuyatoa mdomoni, nyumba yetu iliungua, sijawahi. Hata nyumbani hatuyasemi, tunasema “kule” na kila mutu anaelewa. Na nitasema kweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: sikutaka kumnyang'anya. Nilijua utamu wake.

Jumatano, 1 Machi

Jumatatu imepita na sikuwaambia watoto. Hakukuwa na nafasi. Uongo — nafasi ilikuwepo.

Jioni Papa alikuwa amekaa nje ya hii nyumba tunayopanga, anaangalia upande wa volkano kama kila jioni. Mulima umejificha ndani ya mawingu lakini yeye anaangalia tu. Nikampa simu. Hakuuliza ni wapi.

— Ile bati ya buluu, alisema, nilimwambia mama yako nitaibadilisha kabla ya mvua.

Akataka kugusa muti wa avoka, na picha ikakimbia yote, ikaenda mpaka ndani ya ziwa. Akashituka: “Nimeipoteza! Nshobole, irudishe! Irudishe!” Sauti ile sijaisikia kwake hata usiku ule tuliokimbia. Nikairudisha. Akaangalia tena, halafu akanisukumia simu. Funga, alisema. Mama yako asione.

Papa wangu! Yeye anayesema kwamba mutu halilii bati.

Alhamisi, 2 Machi

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Papa mulangoni, kwa sauti ya chini: “Batri iko?”

Jumatatu, 6 Machi

Redio inasema kesho saa sita mchana silaha zote zinyamaze. Kambini wanaimba. Madame Christa amesikia ahadi nyingi za namna hiyo, amefuta tablo bila kugeuka.

Nimemuita Umuhire pembeni ili nimweleze mambo ya picha, akanitangulia.

— Madame, Papa anakusalimia sana. Ataenda kuleta Gitare.

— Lini?

— Vita ikiisha.

Nikapumua. Vita ikiisha ni mbali, nilifikiri. Kesho baada ya masomo nitapita kwao, nikae na muzee, nimueleze vizuri.

Jumanne, 7 Machi

Ameondoka.

Ameondoka alfajiri na wanaume wengine wa Tongo, kwa miguu, njia ya Sake halafu ndani ya pori. Mama yake Umuhire, Nyiransabimana, ndiye ameniambia. Alikuwa anapepea makala ya moto mbele ya hema yao ya shitingi, mutoto mchanga mgongoni. Hana wasiwasi! Ananitolea kigoda! Papa Umuhire amesema waasi hawatamuhitaji muzee mwenye fimbo, na tena leo saa sita yote itakuwa amani. Ataleta moja tu, ya maziwa.

Nimemwambia. Safari hii sikusema kidogo. Nimemwambia Buhene, volkano, bati zetu ambazo haziko. Akaacha kupepea.

— Basi hii ya kwetu ni ya lini?

Sikujua! Nimefundisha somo zima na sikujua. Nikabonyeza huku na kule, na kule chini kabisa kukatokea maandishi madogo. Juni 2018. Yeye hasomi, nikamsomea.

Alihesabu kwa vidole.

— Gitare tulimununua mwaka wa volkano.

Ni hivyo tu. Ile nyeupe si Gitare. Ni ng'ombe mwingine, wa zamani, waliyemuuza au aliyekufa, hakumbuki hata. Nikaomba samahani. Hakunitukana, heri angenitukana. Alisema: Umuhire usimuambie. Mutoto ameanza kula.

Simu ya Sibomana haipatikani. Redio ya jioni: saa sita ilipita na kule juu bado wanapigana. Ee Mungu, mimi na simu yangu.

Alhamisi, 9 Machi

Hakuna habari.

Umuhire anakuja mapema kuliko wote. “Madame, tuangalie kama Papa amefika?” Batri imekufa, nasema. Mega zimeisha. Koneksyo mbaya leo. Nimekuwa fundi wa uongo. Yeye anasema haya Madame, anaenda kukaa, na saa ya rekreasyo, wenzake wakicheza nje, anarudi. Sasa anaongea na kila mutu, anainua mukono kwa kila swali. Madame Christa amenisifu kwa ajili yake. Sikujua pa kuweka uso.

Jioni Papa akaomba simu, nikamnyima. Akaingia ndani. Najionea huruma, halafu naona haya ya kujionea huruma. Natamani Buhene. Natamani jikoni yetu na moshi wake na Mama akigombana na bati linalovuja. Na Sibomana naye alitamani hivihivi, tofauti ni kwamba yeye alichukua fimbo.

Jumapili, 12 Machi

Leo baada ya misa walikuja wengi. Mbele yao mama mmoja wa kambi, Kanyere, maneno mengi na mikono mingi. Bwana yake anataka kuona ndizi zao kama bado ziko, na zikiwa ziko, kesho wanafunga mizigo. Madame, tuonyeshe! Unaonyesha wa Tongo tu?

Nikafungua Buhene.

— Hii ni nyumba yetu, nilisema. Bati hii ya buluu ni ya papa yangu. Iliungua na volkano. Haiko. Kule kuna mawe tu, nendeni mukaangalie.

Nimelisema. Kwa sauti, mbele ya kanisa, mchana.

Halafu Kanyere, polepole, si kwa kugombana:

— Basi ulikuwa unatuonyesha nini?

Nikazima simu.

Nilipogeuka Mama yangu alikuwa nyuma yangu na kitenge chake cha misa. Ameona. Alinitangulia njia nzima. Tulipofika alimpita Papa, akaanza kuchambua majani ya sombe, na machozi yanaangukia ndani ya sahani, na Papa amesimama anashika kiti.

Kesho ni somo langu la mwisho. Profesa anakuja na inspekta. Madame Christa amewaambia nirudie lile la ramani, “lile lililomfungua mutoto mdomo.” Nimeandika fiche upya: nitaanza na nyumba yetu. Halafu tarehe, mahali inapoandikwa, namna ya kuisoma. Ndilo somo lenyewe, kumbe. Nililiruka.

Lakini Umuhire ana akili. Nikitamka tu tarehe ataelewa yote. Na mama yake aliniomba.

Jumatatu, 13 Machi

Rekreasyo. Naandika juu ya meza ya Madame Christa, wageni bado kufika.

Simu ya Sibomana: haipatikani. Nimejaribu tena sasa hivi. Mwanaume mmoja wa wale walioenda naye amerudi jana jioni, anasema waliachana porini waliposikia risasi. Zaidi ya hapo hajui.

Nikisema, nitamvunja Umuhire mbele ya wote. Nisiposema, papa ya mutoto mwingine atachukua fimbo kesho. Nimezungusha hivi usiku kucha na haizunguki kwenda popote. Madame Christa amesema nimekonda, nikunywe chai.

Umuhire hachezi. Tangu kengele amesimama katikati ya uwanja, peke yake, amevaa pulover nyekundu ya Jumapili, uso umeangalia juu. Wenzake wanamzunguka na mpira wao, yeye hasogei. Nimetoka kumuuliza anafanya nini.

— Madame, pale Papa alipofika labda kuko mutu mwenye simu kama yako. Ataangalia Lac Vert. Sasa nikikaa chini ya bati ataniona namna gani?

Akaniuliza tena, bila kushusha uso:

— Mawingu inazuia, Madame?

Nikasema: kidogo.

Pikipiki ya inspekta imefika, Profesa anashuka kwenye nyingine. Madame Christa ananipungia mukono niweke daftari. Simu imejaa batri, mega ziko, leo sina uongo wowote. Kengele imelia, watoto wameingia, mabenchi yamejaa isipokuwa nafasi ya dirishani. Yeye bado yuko pale nje. Natoka kumleta —