Kahawa ya Mama na Kinu cha Marehemu

Nkoaranga, Jumamosi, mwezi wa nane

Ukungu umelala migombani tangu alfajiri na mpaka sasa, jioni, haujaamka. Baridi ya leo ni ile ya kumfanya mtu apende jiko lake. Nimekaa karibu na moto, vidole vinanuka moshi, na moyo wangu una wivu.

Nimesema.

Mtu mzima mwenye mvi, mzee wa kanisa, nimemwozesha binti, na bado naona wivu kwa ajili ya mama yangu mzazi. Tena ninayemwonea ni kaka yangu wa tumbo moja.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi ya kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na mama huzeekea kwake. Kwa hiyo tangu baba afariki, miaka mingi sasa, asubuhi za mama zote zilikuwa zangu. Tulikaa jikoni, namtikisia kibuyu cha maziwa ya mgando, namjazia kikombe, naye anakunywa huku akinisimulia ndoto zake na kumsema ng'ombe wetu mweusi kana kwamba ni mkwe asiyefaa. Sikujua kwamba asubuhi hizo ni mali mpaka zilipohama.

Zilihamia kwa Kaka Zefania.

Kaka alikuwa mpishi wa setla mmoja kule Sakina, kwenye barabara ya Nairobi. Mwaka huu yule bwana alifunga mizigo akarudi kwao Ulaya, na Kaka akapanda mlima na zawadi za kuagwa: kinu cha kusagia kahawa, cha mbao, chenye mkono wa chuma juu na kidroo chini, pamoja na birika jeusi la kuchemshia. Nyumba yake iko juu ya yangu, ni kupanda tu kijia. Asubuhi ya kwanza alipokaanga, harufu ilishuka pamoja na ukungu ikaingia jikoni kwangu bila hodi. Mama akaweka kikombe cha maziwa chini, akainua pua.

"Nini hiyo?"

"Kahawa, mama."

"Hii hii tunayopeleka chamani?"

Hiyo hiyo. Maisha yetu yote tumeipanda, tumeichuma, tumeimenya, tumeianika, tumeibeba kichwani hadi chama cha ushirika, na hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuionja. Sisi ni watu wa chai, maziwa na pombe ya ndizi. Kahawa kwetu ilikuwa kitu cha kuuza, kama ngozi ya ng'ombe. Nani achemshe ngozi anywe?

Siku ile mama alichukua fimbo yake akapanda. Alirudi mchana, macho yanang'aa, anaongea kama cherehani.

Kesho yake akapanda tena. Halafu kigoda chake kikabaki huko juu, eti anachoka kukibeba. Kibuyu nikakitikisa peke yangu, nikanywa peke yangu, na ng'ombe mweusi akakosa wa kumsema.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kaka hana majivuno hata chembe. Angekuwa anajisifu ningepumua. Nilipopanda kwenda kupeleleza, aliniambia tu, "Karibu mdogo wangu, kikombe chako hiki." Nikanywa. Ilikuwa nzuri sana.

Nikamwambia imeungua.

Juzi Mama Ruthi, mke wangu, alinijia zizini akiwa amejibana asicheke.

"Baba Ruthi, mama ameniomba nimfulie blanketi. Anasema Jumapili baada ya ibada atalipeleka juu. Huko moto unawashwa mapema."

Blanketi! Kigoda kinaweza kusahaulika kwa watu. Blanketi halisahauliki. Mtu akishapeleka blanketi, amehama. Na mama akihama nyumba ya kitinda mimba, mlima mzima utauliza alinyimwa nini.

"Lakini kweli," Mama Ruthi akasema, "unamwonea kaka yako wivu kwa kukaa na mama yake?"

"Siyo wivu. Ni desturi."

"Basi desturi imekutoa jasho."

Jana nikateremka mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja anayeuza vyombo. Nikauliza kinu cha kusagia kahawa.

"Iko, mzee." Akaniwekea mashine ya kusagia nyama. "Hii saga nyama, saga karanga, saga kila kitu. Itashindwa kahawa?"

Nikazungusha mkono wake, nikachungulia ndani, nikatikisa kichwa kama fundi. Kinu chenyewe kilikuwa kwenye rafu ya juu, na bei yake ilinifanya nikitakie maisha marefu huko huko. Nikaamua kununua birika. Na hapo nilijua kwamba naumwa, maana sikuangalia kama lina kitako kizito, wala kama mpini wake utaniunguza. Niliangalia mdomo tu. Birika la Kaka lina mdomo mfupi, basi nikachagua la buluu lenye mdomo mrefu kama wa korongo. Njia nzima ya kurudi nimelibeba mkononi, nje ya kikapu, watu walione.

Alfajiri ya leo nikaanza kazi. Nilikuwa na kahawa kidogo iliyokataliwa chamani, nikaitoa maganda, nikaikaanga kwenye kikaango. Nyingine ikawa makaa, nyingine ikabaki mbichi. Nikanyoosha mkono kwenye kinu cha mke wangu.

"Thubutu!" akasema. "Hicho ni cha ulezi. Ukitia weusi wako humo, uji utaunywa wewe peke yako mpaka Krismasi."

Ndipo nikakumbuka kinu cha marehemu baba. Ni kidogo, unakipakata kama mtoto. Alikuwa akitwangia ugoro wake. Kilikuwa darini, kimeshika masizi. Nikakifuta nje na ndani kwa jani la mgomba, nikaona kimetakata. Ugoro gani utakaa miaka yote hiyo? Nikatwanga. Nikapiga chafya. Nikatwanga tena, nikapiga chafya mpaka kuku wakatoka jikoni. Nikajiambia, unaona, yangu ni kali kuliko ya Kaka.

Mama alipotokea na fimbo yake, nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Leo usipande. Kahawa ipo hapa."

"Marahaba. Kahawa ya nani?"

"Yangu."

"Wewe? Wewe uliyeunguza maji?"

Lakini aliketi. Juu ya debe lililofunikwa, kwa kuwa kigoda kiko kwa mwenzangu. Nikainamisha birika langu la buluu kwa madaha, halikutoa kitu. Mdomo mrefu ulikuwa umeziba kwa machicha. Ikabidi niupulize kama mpiga tarumbeta wa kanisani, mashavu yamevimba, Mama Ruthi amegeukia ukutani mabega yakimtikisika. Mwishowe ikatoka, nyeusi, nzito.

Mama akainua kikombe. Akanusa.

Hakunywa. Akanusa tena, akafumba macho, kisha akanywa kidogo kidogo bila kusema neno. Mama yangu, bila kusema neno!

Wakati huo Kaka akaingia akihema, maana alikuwa amemngoja mama wee, hakumwona. Nikammiminia kwa fahari yote. Akapiga funda moja, akakohoa mpaka machozi.

"Mdogo wangu, umetia nini humu? Hii ni tumbaku!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mama akainua mkono.

"Nyamaza, Zefania. Ni baba yenu." Akanigeukia. "Umetwangia wapi?"

Nikamwonyesha. Akakipokea kile kinu, akakipakata, akaingiza pua ndani, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nikiwa kijana.

"Alikuwa akirudi kutoka kwa ng'ombe ananuka hivi hivi," akasema. "Nilikuwa namfukuza, nenda kaoge kwanza! Niongezee."

Nikamwongezea. Blanketi likabaki kitandani kwake. Mchana Kaka, kwa ule uungwana wake unaoniua, akateremsha kigoda kwa mikono yake mwenyewe.

Nimeshinda.

Basi mbona wivu haujaniisha? Kwa sababu mchana kutwa mama amekaa jikoni kwangu, juu ya kigoda chake, na hakuniona. Nilimletea habari ya ng'ombe mweusi kupiga teke ndoo. Akaitikia "mm" tu. Amekifunika kinu kwa kanga yake, anakigusa, anatabasamu peke yake. Kaka nilimweza. Mzee ninamwezaje? Habishani, hazeeki, wala hana birika la mdomo mfupi.

Nitaandika na hili, maana hapa sidanganyi. Harufu ya kwenye kinu si ya milele. Nikitwanga kila asubuhi, kahawa itaimeza, na baada ya muda mama atabaki na kahawa tupu na mimi. Nimeliwaza jambo hili kuliko inavyompasa mzee wa kanisa.

Sasa hivi amelala chini ya blanketi lake, kinu kiko karibu na kichwa chake. Kesho kabla ya ibada nitakwenda kwa Kaka kumwomba anisagie kahawa kwenye kinu chake, nami nitamwambia ukweli kwamba ile yake haikuwa imeungua. Cha baba nitatwangia kiganja kimoja tu, cha kutia juu, nisije nikammaliza mzee.