Wali Mwekundu Anaoutaka Kaka Yako

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Machi, 1954.

Mpendwa shemeji Rajabu,

Salamu zangu zikufikie huko Kigoma, wewe na wanao. Ile homa yako imekuachia? Hapa watoto hawajambo, na mama mkwe anatembea vizuri. Ningependa kuishia hapo, lakini nitakuwa mwongo. Kaka yako Zahoro yu hoi.

Daktari ametwambia tumrudishe nyumbani, tumpe chochote anachotaka kula. Maneno hayo unajua maana yake. Basi hataki uji wala mchuzi wa kuku. Anataka wali mwekundu, ule mliokuwa mkipikiwa na askari wa Gold Coast mlipolazwa pamoja hospitali ya jeshi wakati wa vita.

Nilikasirika, sikufichi. Mwaka wa nane huu nampikia wali wa nazi, leo roho yake inalilia wali wa wanaume! Hata hivyo nilikwenda sokoni. Nikapata nyanya zilizoiva hasa, pilipili mbuzi, samaki wakavu wa ng'onda na mchele wa Rufiji. Mawese alinipa jirani yangu Mmanyema, kikombe kizima.

Mara ya kwanza mkono ulishazoea, nikatia tui. Alionja akatema. "Huu wa nazi, Sitara. Nimekuomba ule wa vitani."

Juzi sikutia tui. Nilikaanga vitunguu na nyanya mpaka mafuta yakapanda juu, nikatia mchele, nikafunika na kupalia makaa. Ukaungua chini, harufu ikafika kwa majirani. Niliona haya kweli. Nikapakua wa juu, mzuri, na ukoko nikawakwangulia kuku uani.

Shemeji, alipoisikia ile harufu alijiinua mwenyewe kitandani! Akala matonge matatu. Kisha akauliza, "Ule wa chini uko wapi?" Nilipomwambia, alilia. Alisema mlikuwa mkiugombania nyuma ya wodi, na wewe, mlafi nikujuaye, ukimwachia fungu lako. Akageukia ukutani. Tangu hapo anakunywa maji tu.

Leo nimepika tena, nikaunguza kwa makusudi. Hakugeuka. Nimekaa jikoni na sahani mkononi, sijui nimpelekee nani. Nimechoka, Rajabu, na matumaini yameniishia.

Nilianza barua hii nikitaka uniandikie namna wale askari walivyoupika. Usiniandikie. Panda gari moshi la kwanza uje ule naye sahani moja. Huenda akikuona unamsogezea ukoko atafungua mdomo.

Msalimie mkeo Sophia na Mzee Bakili. Mama mkwe anakuombea dua.

Ukikuta jamvi limetandikwa barazani, usimuulize mtu, ingia jikoni. Fungu lako nitakuwa nimekuwekea.

Mungu akufikishe kaka yako angali anakujua.

Wako akupendaye,
Shemejiyo Sitara