Kofia ya Mkebe wa Maziwa

Jumatatu, 2 Julai 2001

Kidole tena! Mkebe wa maziwa umenikata, mara ya tatu tangu Pasaka. Napiga msumari kwa jiwe, mkebe unateleza, maziwa yanaruka — na leo yametua kwenye shati jeupe la Papa Syauswa, muuza samaki wa Kyavinyonge, mteja wangu wa kila asubuhi. Alikuwa ananuka samaki. Sasa ananuka samaki na maziwa. Nikamwambia ni baraka. Hakucheka.

Tangu ng'ombe wa Lubero waliwe na wenye bunduki, Butembo nzima inakunywa maziwa ya mkebe kutoka Uganda. Na Butembo nzima inafungua kwa msumari! Mji wa watu wanaokwenda hadi Dubai kununua mali, lakini mezani bado tunapigana na mkebe kama na nyoka. Mgahawa wangu una meza tatu tu, lakini aibu hii sitaiweza tena.

Jumatano, 4 Julai

Nimekwenda kwa Mathe, fundi wa bati nyuma ya soko. Yeye hugeuza mikebe ya mafuta ya msaada kuwa taa, vipimio, hata mabirika. Mkewe alifariki mwaka mmoja na mume wangu. Mtu mpole. Akisema maneno kumi kwa siku, jioni amechoka.

Nimemchorea kwenye vumbi: nguo ya bati ya kuvalisha mkebe, na mdomo wa kumiminia, na mkono wa kushikia. Ameangalia mchoro. Ameangalia kidole changu kilichofungwa kitambaa. Swali moja tu:

"Mukono ya kushikia, kuume ao kushoto?"

Kuume. Basi, mkutano umekwisha.

Ijumaa, 6 Julai

Iko tayari! Nzuri mno. Mkebe unaingia ndani wote, hauonekani, kama padri ndani ya kanzu. Ndiyo maana nimeiita Kanzu. Nafungua mkebe jikoni, nauvalisha, natoka nao mezani kichwa juu. Hakuna damu, hakuna nzi. Kesho soko litasema!

Jumamosi, 7 Julai

Soko limesema.

Hakuna aliyekunywa. Hata mmoja! Wote chai kavu, na baridi hii ya asubuhi. Nikafikiri maziwa yameharibika, nikanusa — mazima kabisa. Mwishoni Papa Syauswa akaniita pembeni kwa sauti ya chini, kana kwamba nimefiwa.

"Mama Kavuo, ile mukebe ulifungulia wapi?"

"Mu cuisine, papa."

"Na nani aliona?"

Nikataka kuzama ardhini. Kwetu kinywaji kinafunguliwa mbele ya anayekunywa. Mtoto wa miaka mitano anajua. Mgeni anashika chupa, anajaribu kizibo kwa kidole, ndipo unafungua, na ukiwa na adabu unaonja kwanza. Sumu haina rafiki. Mimi mwenyewe sinywi chupa iliyofunguliwa, hata kwa dada yangu wa tumbo moja — hasa kwa huyo! Na mimi huyo huyo nimekaa nikabuni chombo cha kuficha mkebe. Nimecheka peke yangu jikoni hadi machozi. Kisha nikalia kidogo, kweli.

Jumapili, 8 Julai

Misani. Padri akaondoa kitambaa juu ya kikombe, mbele ya macho ya wote. Mungu anisamehe, mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nawaza matundu.

Jumatano, 11 Julai

Kanzu imevuliwa. Sasa ni Kofia! Inakaa juu ya mkebe tu, ng'ombe aliyechorwa kwenye karatasi yake anaonekana mpaka kwato. Chini ya kofia kuna jino la chuma. Unaweka mkebe mzima mezani, mteja anaugeuza, anaukagua, anaridhika. Unapiga kofia mara moja kwa nyundo ya mbao — tok! — jino linaingia, unashika mkono, unamimina.

Mara ya kwanza maziwa hayakutoka. Tukainamisha, tukatikisa, wapi. Mathe akakuna kichwa. "Inakosa pumuzi," akasema. Akaongeza jino la pili, la kuingizia hewa. Yakatoka kama mtoto aliyeitwa kula.

Halafu akachukua tupa, akalainisha ukingo wa kofia. Akapitisha kidole. Akalainisha tena. Mara tatu, ili usinikate. Mimi nikaona haya kama msichana. Miaka arobaini na mitatu!

Jumamosi, 14 Julai

Meza tatu, watu kumi na wanane. Wengine wanaleta mikebe yao kutoka nyumbani ili wasikie tu tok. Papa Syauswa ameomba apige mwenyewe. Amevaa shati jeusi, ana akili.

Alipita pia askari mmoja wa Beni, Grady, masharubu makubwa, mtu mzima. Nikamuuliza kazi yake jeshini. Akapiga kitambi:

"Miye njo tumbo ya commandant."

Yaani mwonjaji. Kila chakula, kila kinywaji cha Commandant Valère kinapita kwake kwanza. Akanywa vikombe vinne, kwa ajili ya kazi, anasema. Akaigeuza ile kofia, akaichunguza. Na mimi, kwa kupenda sifa, nikamwambia kwa sauti ili wote wasikie: mwambie commandant wako, tok haisemi uongo!

Wakapiga makofi. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 19 Julai

Wamemchukua Mathe.

Jeep kutoka Beni, askari wanne. Wamesema commandant anataka zile kofia na fundi wake. Hawakumpiga. Walimwacha avae viatu. Makaa bado yanawaka kwenye karakana. Alipopita mbele yangu akanitia tupa yake mkononi, akapanda.

Ijumaa, 20 Julai

Sikupika. Mdomo wangu huu! Mdomo huponza kichwa, walisema wazee, lakini wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Nampenda. Haya, nimeandika.

Jumatatu, 23 Julai

Beni. Nimefika juu ya lori la kabeji, mimi mwenyewe nimekuwa kabeji. Nimekwenda moja kwa moja kambini, nikasema mimi ndiye mwenye akili ya kofia, fundi ni mikono tu. Nilifikiri watabadilishana, mimi niingie, yeye atoke. Mjinga! Wametuweka wote wawili.

Commandant Valère ni mtu wa jimbo la Équateur, mrefu, viatu vinang'aa, ana heshima. Kaniletea kiti mwenyewe.

"Mama, Mathe hapana mufungwa," akasema. "Mais hapana kutoka."

Anataka kofia arobaini, moja kwa kila ofisa. Akanieleza kwamba aliyemtangulia alifia mezani, kijiko mkononi. Alipokuwa anasema, jicho halikutoka kwenye kikombe chake. Nikaona anaogopa kweli, nikamwonea huruma dakika nzima. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Kisha akasema Jumatatu ijayo kikosi kinahamia msituni. Mpishi, yaani mimi, atarudi Butembo. Fundi atakwenda nao. Huruma ikaisha.

Msituni! Mathe, ambaye hata kuku wangu alishindwa kumchinja.

Alhamisi, 26 Julai

Kimetokea kitu. Naandika haraka.

Nimempelekea Mathe ugali kwenye banda wanakomfanyisha kazi. Namkuta amepindua mkebe wa maziwa, anachomelea kitako chake kwa soudure, yaani lehemu. Nikauliza ni nini. Akawa mwekundu, kadiri sisi weusi tunavyoweza.

"Nilisikia njaa," akasema.

Siku tano hizi anatoboa mikebe ya commandant kwa chini, anakunywa maziwa, anatia maji, anaziba. Anasugua kwa majivu mpaka soudure inafifia. Na mezani wanapiga tok, Grady anaonja, wote wanasema maziwa ya Uganda siku hizi mepesi, ni sababu ya vita!

Nikacheka mpaka nikaziba mdomo kwa aproni. Halafu nikaacha kucheka. Kumbe tok inasema uongo. Mkebe mzima hauthibitishi kitu mbele ya fundi wa bati. Commandant akilijua hilo, hataitaka kofia hata moja. Na fundi wa kofia atamfanyia nini msituni?

Nimweleze kwa mdomo? Hapana. Ukimwambia mkubwa kitu chake hakifai, wewe ndiye unayeacha kufaa. Lazima aone. Jumapili anawaalika wakubwa wa ofisi kutoka Oicha, kuwaonyesha kofia.

Ijumaa, 27 Julai

Mathe alitaka tutie maji matupu ndani ya mkebe wa Jumapili. Mimi nimesema kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Maji yatamfanya afikiri kaibiwa, atakasirika tu. Lakini maziwa yakigeuka kasiksi mbele ya wageni, lazima mtu acheke, na anayecheka hapigi risasi haraka. Wala hakuna anayeweza kuita kasiksi sumu. Nusu ya kambi ingekuwa imekufa.

Mathe amefikiri muda wa kutengeneza taa mbili. Kisha ameziba. Kazi safi, ng'ombe hakupata hata mkwaruzo.

Ninaogopa.

Jumamosi, 28 Julai

Mkebe umeshika mimba!

Nimesahau jambo ambalo nyanya yangu angenipigia kofi: kasiksi changa haikai kimya. Inaendelea kuchemka yenyewe, ndiyo maana hatuizibi. Na sisi tumeizibia ndani ya bati! Ng'ombe amenenepa. Jana alikuwa amekonda, leo ana kitambi kama Grady. Nikautia ndani ya maji baridi. Nikausemesha kwa Kinande, kwa upole. Unavimba tu.

Kutengeneza mwingine haiwezekani, mikebe iliyobaki imefungiwa kwa commandant. Mathe amebandika sikio kwenye bati, akasikiliza. Akasema labda utafika kesho.

Labda!

Jumapili, 29 Julai

Naandika kwenye couloir, nje ya chumba cha chakula, daftari magotini. Mlinzi anafikiri naandika hesabu ya sahani. Mlango una ufa, naona nusu ya meza: commandant, mkono wa Mathe, masharubu ya Grady, wageni wawili wa Oicha na mke wa mmoja wao.

Wamemaliza mboga ya sombe. Sasa chai. Mkebe umefika mezani, Mathe ameuzungushia kitambaa tumboni, kama mtoto anayeumwa. Mwenyezi Mungu.

Commandant amesimama. Anawaeleza wageni kwamba hii ni akili ya Butembo, mkebe unafunguliwa mbele ya macho, hapana mutu anaweza kutia kitu. Na sasa anasema — maneno yangu! —

"Tok haisemake bongo!"

Wageni wanapiga makofi. Mathe ameinua nyundo ya mbao. Hatazami mkebe, anatazama ufa.

Tok.

Fyuuuuuu!

Viti vimeanguka. Mgeni wa Oicha yuko chini ya meza, mkewe kabaki ameketi na kijiko chake. Mlinzi wangu kaingia na bunduki, kaacha mlango wazi kidogo, naona vizuri zaidi. Povu kwenye kitambaa cha meza, povu kwenye viatu vinavyong'aa.

"Grady," anasema commandant. "Onja."

Grady anamimina ndani ya kikombe chake cha bati. Anakunywa. Anafunga macho. Sema, Grady! Sema ni kasiksi, mtu mmoja acheke, commandant aelewe, Mathe aende nyumbani. Sema!

"Ni maziwa, mon commandant."

Mwongo!

"Mais ya leo iko na nguvu. Acha nihakikishe." Anamimina tena. Anakunywa taratibu, kama mtu wa arusi.

Commandant amenyoosha mkono: lete hiyo kikombe. Grady hataki kuachia. Wanavutana, commandant na tumbo lake. Hakuna anayecheka. Nilikosea, hakuna anayecheka!

Kikombe amekipata. Ananusa. Ananusa tena. Hanywi. Anageuza mkebe kitako juu, anapitisha kidole pole pole, pale, pale kwenye soudure. Kidole kimesimama.

Anauliza nani. Neno moja tu hilo.

Mathe amefungua mdomo.

"Ni miye peke yangu, mon commandant. Mama Kavuo hapana jua kitu. Acha arudi Butembo."

Maneno kumi na manne! Kwa pumzi moja, Mathe! Na ya uongo. Fundi wangu, hajui hata kudanganya, anatazama viatu vyake.

Tupa yake iko mfukoni mwangu. Naweka kalamu. Naingia kuwaambia kasiksi ni yangu