Ng'ombe wa Pembe Moja Ukutani

Kirua Vunjo

Mjukuu wangu Aikande,

Shikamoo yako imefika huku mlimani, nami naipokea: marahaba. Sisi tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta.

Unauliza nilipataje kuwa mwanamke wa kwanza huku kwetu kuchora wanyama. Wakati wa Ujamaa, kijiji kilitaka ng'ombe achorwe kwenye ukuta wa duka la ushirika, pale tulipouzia maziwa. Fundi kutoka mjini Moshi hakutokea, nikaiomba kazi mimi. Wazee walicheka, lakini rangi ilikuwa imeshanunuliwa, wakanipa.

Nilimchora Maua, ng'ombe wetu niliyemkatia majani tangu utotoni. Alikuwa na pembe moja tu, nami nikamchora hivyo hivyo. Mwenyekiti alipomwona akakunja uso.

"Binti, ng'ombe wa kijiji awe kamili! Mwongeze pembe."

"Nikimwongeza hatakuwa Maua," nikamjibu.

Mara mama yangu akafika na ndoo ya maziwa. Akautazama ukuta, akaangua kicheko. "Jamani, Maua! Nani kakufungulia zizi?"

Watu wote wakacheka, mwenyekiti naye. Kisha akanisogelea, akaniambia taratibu, "Wangu ana doa jeupe puani. Utaliweza?"

Kesho yake nilikaa zizini kwake asubuhi nzima nikimtazama tu ng'ombe huyo, naye akanilamba shavu. Nilirudi nyumbani nikiimba, maana nilijua nimepata kazi ya maisha yangu.

Nakukumbatia kwa mikono ambayo bado ina rangi,

Bibi yako