Nondo Aliyeitwa Mrembo

Baba Loveness,

Ugali uko kwenye hotpoti, mlenda nimeufunika. Viwavi wako wa hariri nimewabadilishia majani ya mng'ong'o, wasije wakafa ukasema ni wivu wangu.

Wivu ninao, ndiyo. Asubuhi nondo wako alipotoka kwenye kifukofuko uliniita mbio, nikaacha chai inachemka. Ukampandisha kidoleni, ukamwambia, "Mrembo wangu, mabawa gani haya!" Nami nimesimama kando yako na gauni jipya la kitenge, hata hukuligusia. Tangu unioe hujawahi kuniita mrembo.

Nimekwenda Tinde kwa dada Mariana. ~~Sirudi.~~ Nitarudi Jumapili. Ukija kunichukua kabla, uje na neno zuri la kuniambia mimi, tena mbele ya dada.

Mama Loveness